Fleetwood Walker: Mdakaji Aliyenyimwa Ishara

Kila Aprili 15, wachezaji wa ligi kuu ya besiboli Marekani huvaa jezi namba 42 kumuenzi Jackie Robinson, mweusi aliyeingia ligi hiyo mwaka 1947. Anastahili. Ila miaka 63 kabla yake kulikuwa na Moses Fleetwood Walker, na mimi nilianza kumjua kwa kitabu chake, si kwa mpira.

Walker alizaliwa Ohio mwaka 1856, akasoma Oberlin na Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1884 aliichezea Toledo mechi 42 za ligi kuu. Ndiyo, 42, bahati tu ya namba.

Alikuwa mdakaji: yule anayekaa nyuma ya mpigaji na kumpa mrushaji ishara, arushe mpira wa aina gani. Mrushaji wake, Tony Mullane, alikuja kukiri kwamba hakuwahi kupata mdakaji bora kuliko Walker, lakini kwa kuwa hakuwapenda weusi, alipuuza ishara zake na kurusha alivyotaka. Hebu fikiria: mpira unakuja kasi, hujui utapinda wapi, na anayeurusha ni mwenzako wa timu moja!

Julai 1887, Walker akiwa Newark, ligi yao ikapiga kura kwamba weusi wasipewe mikataba mipya. Yeye alijikongoja hadi 1889 akiwa na Syracuse. Baada yake, ligi ile haikuwa na mchezaji mweusi tena mpaka Robinson alipofika mwaka 1946.

Mwaka 1908 Walker akachapisha kijitabu, Our Home Colony. Hoja yake ni kwamba weusi na weupe hawataishi kwa amani Marekani, basi weusi warudi Afrika.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikikisoma. Afrika ipi? Mwaka ule huku kwetu Mjerumani alikuwa ametoka tu kuzima Maji Maji, kwa risasi na kwa njaa. Nyumbani alikokutaja napo palikuwa na mwenye nguvu asiyetaka kusikia.

Sikubaliani na kitabu chake. Lakini mtu aliyedaka mipira bila kujua inakokwenda, kwa sababu mwenzake alikataa kumtazama, namwelewa alipochoka kutoa ishara.