Nani Mwenye Barabara? Funzo kutoka Toronto

Tarehe 30 Julai 2025, Jaji Paul Schabas wa Mahakama Kuu ya jimbo la Ontario, nchini Kanada, alitoa hukumu iliyowashangaza wengi. Alisema kwamba sheria iliyoiagiza serikali ya jimbo kung'oa njia za baiskeli katika barabara tatu kuu za Toronto, yaani Bloor, Yonge na University, inakiuka Katiba. Serikali ya jimbo ikatangaza mara moja kwamba itakata rufaa.

Msomaji anaweza kuuliza: sisi wa huku tuna haja gani na ugomvi wa baiskeli wa watu walio ng'ambo ya bahari? Jibu langu ni kwamba ugomvi huu ni wa baiskeli kwa jina tu. Kiini chake ni swali ambalo historia ya miji imelirudia kila kizazi: barabara ni mali ya nani, na ni nani mwenye mamlaka ya kuigawa?

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya gari kuenea, barabara ya mjini ilikuwa uwanja wa wote. Mchuuzi, mtoto, mkokoteni, farasi na mwenda kwa miguu walipishana humo bila mmoja kuitwa mwenyeji na mwingine mvamizi. Jambo linalosahaulika ni kwamba waliotangulia kupigania barabara nzuri huko Marekani hawakuwa wenye magari. Walikuwa wapanda baiskeli, waliounda chama chao mwaka 1880 na kuzishinikiza serikali zitengeneze barabara. Gari lilikuja baadaye, likaikuta hoja imekwisha kujengwa, likaimiliki. Katika karne ya 20, miji mingi ya Amerika Kaskazini ilipangwa upya kwa kipimo cha gari, na aliyekuwa mwenyeji akageuka mgeni.

Toronto ni mfano mzuri wa mvutano huo kwa sababu ni mji ulioundwa kwa kulazimishwa. Mwaka 1997 serikali ya jimbo iliamua kuziunganisha manispaa sita kuwa jiji moja. Wananchi walipoulizwa kwa kura ya maoni, walio wengi sana walikataa. Serikali haikujali, tarehe 1 Januari 1998 jiji jipya likazaliwa. Ndani yake wakajikuta pamoja wakazi wa mji wa kati, wanaoweza kufika kazini kwa miguu, treni au baiskeli, na wakazi wa pembezoni kama Etobicoke na Scarborough, ambao bila gari siku yao haiendi. Makundi haya mawili yalikuwa na mahitaji tofauti, lakini sasa yalichagua meya mmoja.

Mwaka 2010 Rob Ford, diwani kutoka Etobicoke, alishinda umeya kwa kura za pembezoni, akiahidi kumaliza kile alichokiita vita dhidi ya gari. Mwaka huohuo njia za baiskeli zilikuwa zimechorwa katika barabara ya Jarvis. Julai 2011 baraza la jiji likapiga kura ziondolewe, na Novemba 2012 mitambo ikaja kufuta rangi huku waandamanaji wakijiweka mbele yake. Uamuzi ule haukunipendeza nilipousoma, lakini lazima tukiri jambo moja: waliouamua walikuwa madiwani wa jiji lenyewe, na wapigakura waliweza kuwawajibisha.

Baadaye mwelekeo ulibadilika. Baraza lilianzisha njia za majaribio katika barabara ya Bloor mwaka 2016, likazipima, na mwaka 2017 likazifanya za kudumu. Ziliendelezwa magharibi hadi zikafika Etobicoke kwenyewe. Wakati huo Doug Ford, kaka yake Rob, alikwisha kuwa waziri mkuu wa jimbo tangu 2018, na mwaka wake wa kwanza alilipunguza baraza la Toronto kutoka viti 47 vilivyopangwa hadi 25, kampeni za uchaguzi zikiwa zimeshika kasi. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali hatua hiyo mwaka 2021, kwa majaji 5 dhidi ya 4. Katiba ya 1867 inaziweka serikali za miji mikononi mwa majimbo. Jiji halina kinga yake lenyewe.

Kwa hiyo, muswada namba 212 ulipopitishwa Novemba 2024, mkono ulikuwa uleule. Uliyataka majiji yaombe kibali cha jimbo kabla ya kutwaa njia ya magari kwa ajili ya baiskeli, ukaamuru zile za barabara tatu ziondolewe, na ukafunga mlango wa kudai fidia kwa atakayeumia. Watumishi wa jiji walikadiria kwamba kuziondoa kungegharimu dola milioni 48 za Kanada.

Hoja ya serikali ilikuwa foleni, nami siidharau. Mtu anayepoteza saa mbili kwa siku ndani ya gari ana malalamiko ya haki. Lakini mahakamani haikuthibitika kwamba kung'oa njia zile kungepunguza foleni. Kilichothibitika ni hatari. Mwaka huo wa 2024 waendesha baiskeli 6 waliuawa Toronto. Mmoja wao, mwanamke wa miaka 24, aligongwa na lori katika barabara ya Bloor mwezi Julai, mahali ambapo kontena la taka za ujenzi lilikuwa limeziba njia ya baiskeli na kumlazimisha aingie kwenye magari.

Tuisome hukumu kwa makini. Jaji hakusema kwamba raia ana haki ya kujengewa njia ya baiskeli. Alisema kwamba dola, ikijua kuwa kitendo chake kitaongeza vifo na majeraha, na ikiwa haina ushahidi kwamba kitendo hicho kitatimiza lengo lililotajwa, inavunja haki ya uhai na usalama iliyomo katika Mkataba wa Haki na Uhuru wa 1982.

Hapa ndipo tunapoguswa sisi. Tanzania ilizifuta serikali za mitaa mwaka 1972, ikazirejesha kwa sheria za 1982. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa kwa tamko la Rais. Tunaijua vizuri serikali kuu inayoamini kwamba inaujua mji kuliko wakazi wake. Mara nyingi mjadala wetu huishia kwenye swali la nani ana mamlaka kisheria, na jibu likishapatikana tunanyamaza. Toronto inatuonyesha swali la pili. Mwenye mamlaka anapokusudia kuondoa kinga iliyowekwa kwa ajili ya mwenda kwa miguu au mwendesha baiskeli, tumdai ushahidi kwanza, kabla mitambo haijafika.