Viungo vya Tarehe 1 Desemba: Kurasa Binafsi za Intaneti na Mapambano dhidi ya UKIMWI

Katika makala haya mafupi twakusudia kueleza jinsi watu wa kawaida walivyoziunganisha kurasa zao binafsi za intaneti ili kuukumbusha umma juu ya UKIMWI, ambao wengi wetu hapa Kongo twauita SIDA. Huenda msomaji akadhani kwamba habari hii ni ya Marekani tu. Sivyo. Mzizi wake mmoja umepita Kinshasa.

Mnamo 1984 ulianzishwa katika hospitali ya Mama Yemo mradi wa utafiti ulioitwa Projet SIDA. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa daktari Mmarekani, Jonathan Mann. Mwaka 1986 Mann alihamia Geneva kuongoza mpango wa UKIMWI wa Shirika la Afya Duniani. Huko, mwaka 1987, maofisa wawili wa habari, James Bunn na Thomas Netter, walimpelekea shauri la kuwa na siku moja ya dunia nzima. Alilikubali, na siku hiyo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Desemba 1988.

Mwaka uliofuata kikundi cha Visual AIDS cha New York kiliigeuza tarehe hiyo kuwa Siku Isiyo na Sanaa. Majumba ya makumbusho yalifunga milango, na picha zikafunikwa vitambaa kama nyumba iliyo katika matanga. Miaka kumi baadaye, Desemba 1999, Brad Graham wa mji wa St. Louis aliwaomba wenye kurasa binafsi wafanye vivyo hivyo: wasiandike lolote siku hiyo, bali wamwelekeze mgeni kwenye maelezo juu ya ugonjwa.

Kwa maoni yetu, shauri hilo lilikuwa na udhaifu. Jumba likifungwa, wapitao mlangoni huuliza sababu; ukurasa ukinyamaza, hudhaniwa kuwa umeharibika. Tena kimya ndicho kilichokuwa adui wa wagonjwa hao: kimya cha serikali, kimya cha jamaa, kimya cha msiba unaotajwa kwa jina la maradhi mengine. Wasanii walikwisha liona jambo hilo, kwani mwaka 1997 Visual AIDS walitia mabano katika jina la siku yao, ili lisomeke "bila sanaa" na "pamoja na sanaa" kwa wakati mmoja. Graham naye baadaye aliuita mwito wake Link and Think, yaani "unganisha ufikiri". Badala ya kunyamaza, kila mshiriki aliandika ukurasa wake, akaelekeza wasomaji kwenye habari za ugonjwa.

Kiungo cha intaneti ni kitu kidogo: neno lililopigiwa mstari, ambalo likibonyezwa hufungua ukurasa mwingine. Hakina gharama wala hakihitaji kibali. (Lugha yetu imepata neno zuri hapa, kwani kiungo ni pia goti na kiwiko, mahali mwili unapokunjika.) Tangu 1995 kijana Mmarekani, Sage Weil, alikuwa ametengeneza programu ya kuzifunga kurasa za jambo moja kama pete, msomaji akitoka huu kwenda ule hadi arudi alikoanzia.

Tangu 1996 dawa za mchanganyiko zilikuwa zimeugeuza UKIMWI kuwa ugonjwa wa kuishi nao, kwa yule aliyeweza kuzipata. Kongo haikuwa hivyo. Projet SIDA ulikoma mwaka 1991 baada ya uporaji wa Septemba. Mann alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1998. Na Desemba 1999 nchi yetu ilikuwa vitani. Nchi iliyotoa elimu nyingi ya mwanzo juu ya ugonjwa huo haikuwa na watu wengi katika mnyororo wa kurasa hizo. Huku kwetu ujumbe ulikuwa umepita kwa njia nyingine: mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi alitoa wimbo wake "Attention na SIDA", ukasambaa kwa redio, santuri na kaseti.

Mwanahistoria anayezitafuta kurasa zile leo hukuta viungo vingi visivyofungua kitu. GeoCities, iliyohifadhi kurasa binafsi nyingi mno, ilifungwa Marekani mwaka 2009, na Graham alifariki Januari 2010. Wimbo wa Franco bado unasikika.