Suala la Mahari Katika Kumbukumbu za Maktaba: Mfano wa Rungwe

Maktaba imezoeleka kuhesabiwa kuwa ghala la vitabu na mahali pa utulivu pa kujisomea. Hata hivyo, katika taifa linalojenga utamaduni wake, maktaba ina kazi nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni kutoa ushahidi wakati jamii inapobishana juu ya mambo yake yenyewe. Ubishi ukizuka kuhusu mila, kila upande hudai kwamba wazee wa kale wako pamoja nao. Hatuna budi basi kuuliza: wazee hao walitenda nini hasa, ni nani aliyeziandika habari zao, na maandishi hayo hupatikanaje?

Tuchukue mfano wa Isongole, kata iliyo kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, kati ya Mlima Rungwe na Ziwa Ngozi. Tuseme kijana wa huko ataka kuchunguza suala la mahari na umri wa binti kuolewa. Tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, msomaji wa aina hiyo alitafuta habari kwa kupekua kadi zilizopangwa katika visanduku. Leo atatumia hifadhidata, yaani orodha kubwa ya kumbukumbu iliyomo ndani ya kompyuta. Chombo kimebadilika, lakini busara itakiwayo kwa mtumiaji wake haikubadilika.

Jambo la kwanza ni majina. Msomaji akiandika "Wanyakyusa" peke yake, atakosa sehemu kubwa ya habari. Wajerumani waliwaita watu hao Konde, na Tukuyu ya leo waliipa jina la Neu-Langenburg. Kitabu cha Friedrich Fülleborn cha mwaka 1906 huliandika Ziwa Nyasa kwa tahajia ya Kijerumani, yaani Njassa. Kompyuta haina ujuzi wa udugu wa majina haya. Hutoa kile tu ilichoombwa. Mwenye kuyajua yote mwenyewe ndiye atakayeona historia kwa ukamilifu.

Jambo la pili ni neno lenyewe la mahari. Waandishi wengi wa Kizungu waliliita "bei ya bibi arusi", kana kwamba mwanamke alinunuliwa sokoni. Mwaka 1931 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alipendekeza istilahi nyingine, yenye maana ya mali itolewayo kwa ajili ya ndoa. Kwa hiyo atafutaye kwa istilahi ya kwanza aghalabu atapata maandishi ya walioilaumu desturi hiyo, na atafutaye kwa ya pili atapata ya walioieleza. Hukumu imekwisha kupitishwa kabla ya kitabu kufunguliwa.

Tuyatazame sasa yaliyomo. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti katika Rungwe kati ya miaka 1934 na 1938, na majalada yao yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Kazi zao zinaeleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao mbali na baba zao, na jinsi ng'ombe wa mahari walivyobaki mikononi mwa wazee. Mzee aliweza kuoa wake kadhaa, na kijana akangoja miaka mingi. Vijana walipokwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, uwezo huo wa wazee ulianza kutikisika. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1977 kinayafuata mabadiliko hayo kuanzia 1875 hadi 1971. Ni dhahiri basi kwamba mahari haikuwa jiwe lisilosogea. Asemaye "hivi ndivyo ilivyokuwa tangu enzi na enzi" hana budi kuulizwa ni enzi ya nani.

Mwaka huo wa 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo ilitamka kwamba ndoa haibatiliki kwa kuwa mahari haikutolewa, lakini iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, hali mvulana alitakiwa kufikia 18. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa ya Serikali. Hukumu hizo husomwa bila malipo katika hifadhidata ya TanzLII. Mwananchi wa Isongole hahitaji tena kusafiri hadi Dar es Salaam ili ajue majaji walitoa sababu zipi.

Pamoja na hayo, tusidhani kwamba kilichomo ndani ya kompyuta ndicho ukweli wote. Kumbukumbu za utawala wa kikoloni ziliandikwa na maofisa wanaume, ambao aghalabu waliwauliza machifu na wazee. Binti aliyetolewa mahari akiwa bado mtoto hakuulizwa, na jina lake haliko katika orodha yoyote. Bibi zetu wachache waliobaki wanaikumbuka sehemu hiyo ya historia, nayo haijaandikwa. Kila mmoja wao afarikipo, shahidi mmoja wa shauri hili ameondoka.

Wajibu wetu, basi, ni wa namna mbili. Tuwafundishe vijana kuuliza maktaba kwa majina yote na kwa maneno ya pande zote. Kisha tuwatume, daftari mkononi, kwa bibi zao, ili kile kitakachokosekana leo katika hifadhidata kiwemo kesho.