Mlimani na Hazina

Mshika mbili, moja humponyoka. Methali hii ndiyo hoja ya kwanza ya wanaopinga mchumi mmoja kufundisha chuo kikuu, kufanya utafiti na wakati huohuo kuitumikia serikali katika mambo ya fedha. Lakini kwa Tanzania kazi hizo zilizaliwa karibu pamoja. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza 1961, Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ikaundwa humo 1965, na Juni 1966 Benki Kuu ikafungua milango kurithi kazi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Nchi ilihitaji kwa mkupuo mmoja watu wa kupanga bajeti, wa kulinda sarafu na wa kuwafundisha watakaoshika kazi hizo baadaye, na waliokuwapo hawakutosha kugawanywa. Hata ofisi ya utafiti ilianza chini ya mkurugenzi mgeni, Gerald Helleiner wa Kanada. Mtanzania Justinian Rweyemamu, aliyefundisha uchumi Mlimani, yaani chuoni hapo, na kuchapisha 1973 kitabu juu ya maendeleo ya viwanda nchini, alichukuliwa katikati ya miaka ya 1970 kuwa mshauri wa Rais Nyerere.

Kama uhaba wa wasomi ungekuwa sababu pekee, desturi hii ingekufa mara wahitimu walipoongezeka. Haikufa, kwa sababu ilikuwa na faida nyingine iliyodhihirika wakati wa dhiki. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikwama, na kushusha thamani ya shilingi kukawa jambo la kugombaniwa. Mwaka 1984 wachumi wa Mlimani waliandaa warsha ya sera na kulijadili suala hilo kwa hesabu badala ya kaulimbiu. Wasomi hawakuwa wa upande mmoja: Kighoma Malima, aliyewahi kufundisha uchumi chuoni hapo, alikuwa serikalini miongoni mwa waliopinga kushusha thamani. Serikali ilipokubali mpango wa kufufua uchumi 1986, hoja za kuunga mkono na za kupinga zilikuwa zimekwisha kupimwa na wenyeji. Mtumishi aliyejifungia ofisini asingeweza kuyaandaa mabishano hayo, wala mwalimu asiyejua jinsi Hazina inavyokosa fedha za kigeni.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: anayekula mezani kwa serikali atawezaje kuikosoa? Hofu hiyo ni ya haki, ila ushahidi hauiungi mkono kila mahali. Mwaka 1995 Helleiner aliongoza kundi la washauri huru lililochunguza uhusiano wa Tanzania na wafadhili wake. Ndani yake walikuwamo Ibrahim Lipumba, aliyekuwa amemshauri Rais Mwinyi mambo ya uchumi, na Benno Ndulu, profesa wa Mlimani. Ripoti yao iliwalaumu wafadhili kwa kuingilia mno, na serikali kwa kulegeza usimamizi wa mapato. Mwaka huohuo Lipumba aligombea urais kwa tiketi ya upinzani. Ndulu alikuwa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi mwanzoni mwa 2018. Kwa hiyo kuijua meza ya serikali hakukuwafumba wote midomo.

Kinachofumba midomo ni kitu kingine. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kupinga takwimu rasmi hadharani kuwa hatari kisheria, mpaka yalipolegezwa 2019. Sheria ya namna hiyo humbana hata mtafiti asiyewahi kukanyaga Hazina, kwa hiyo kutenganisha kazi ya chuo na ya serikali kusingemwokoa. Warsha ya 1984 na ripoti ya 1995 zilifaa kwa sababu zilipita katika kanuni ya darasani, kwamba hesabu huwekwa wazi na yeyote anaruhusiwa kuikosoa. Mchumi anayeingia nayo kanuni hiyo serikalini amezishika zote mbili. Anayeiacha mlangoni amekwisha kuponyokwa na moja, hata kama jina lake bado limo kwenye ratiba ya mihadhara.