Guta

Guta ni chombo cha kubebea mizigo chenye magurudumu matatu: moja mbele na mawili nyuma, chini ya bodi. Jina hilo hutumika kwa baiskeli na kwa pikipiki ya aina hiyo. Pembeni mwa Mlima Meru maguta ya injini hubeba ndizi na mboga hadi masoko kama Tengeru, karibu na Arusha.

Guta la injini lililotumika shambani tu haliruhusiwi barabarani mpaka lisajiliwe na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), likatiwe bima, na dereva awe na leseni. Taa na breki lazima ziwe nzima. Breki zikaguliwe kwanza, maana mteremkoni mzigo hulisukuma guta; kwenye kona kali gurudumu la ndani hunyanyuka, likapinduka. Watu hupanda juu ya magunia, ingawa bodi si ya abiria.