Kutoka Nzama hadi Methanoli: Sheria ya Vileo Machakos

Katika Ukambani wa zamani pombe haikuwa na sheria iliyoandikwa, bali ilikuwa na wenyewe. Asali ilichanganywa na maji kibuyuni, ikatiwa matunda ya mvungunya yaliyopasuliwa na kuanikwa juani, kibuyu kikawekwa karibu na meko kipate joto, na baada ya muda kinywaji hicho, ambacho Wakamba hukiita uki, kikawa tayari kwa wazee. Kijana hakukigusa, aliyekinywa ni mzee wa nzama, lile baraza lililokata mashauri ya mipaka na mahari, na kabla ya kunywa alimwaga kidogo chini kwa ajili ya mizimu. Huo ulikuwa udhibiti barabara, ijapokuwa hakuna karani aliyeuandika, kwa kuwa mnywaji alijulikana, mtengenezaji alijulikana, na kilichomo kibuyuni kilijulikana.

Udhibiti wa pili ulitoka mbali. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo chake Machakos mwaka 1889, na mwaka uliofuata mataifa yaliyokutana Brussels yakaafikiana kuzuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, mipaka iliyochorwa na mabwana ambao aghalabu hawakuwa wamewahi kuonja uki wala kuujua.

Lakini pombe kali haikungoja meli. Ufundi wa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake wengi huunasibisha na askari wa Kinubi waliopewa makao Kibera, na kinywaji chao kikasambaa mijini na mashambani, kikajulikana kwa jina la chang'aa. Serikali ya Kenya huru ilikiharamisha kwa sheria mahususi mwaka 1980. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kosa lilipoanza: kitu kilichoharamishwa kwa jina lake hakina mkaguzi wa kukipima, na asiyepimwa hana sababu ya kuchelea anachokitia ndani ya pipa. Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru jijini Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi yake iliuzwa shilingi 10, iliua watu zaidi ya 100. Juni 2005 ikawa zamu ya Machakos, ambako waliofariki walizidi 40.

Muuaji alikuwa methanoli, spiriti ya viwandani, ambayo mnywaji hawezi kuitofautisha na kileo cha kawaida kwa macho wala kwa ulimi. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo huanza kwa kuiharibu neva ya jicho. Ndiyo maana mgonjwa hulalamika kwamba taa zimezimwa mchana kweupe. Na ajabu ni kwamba miongoni mwa dawa za sumu hiyo ni kileo chenyewe, ethanoli, apewacho mgonjwa kwa kipimo ili ini lishughulike nayo na kuiacha methanoli itoke mwilini kabla haijageuka.

Udhaifu wa kuharamisha kitu kwa jina lake haukuwa wa Kenya peke yake. Wakemia wa Marekani waliijua mapema hila ya kuikwepa orodha ya dawa zilizokatazwa: waligeuza atomi chache za fentanili wakapata dawa ambayo sheria haikuitaja, hata Bunge lao likapitisha mwaka 1986 sheria ya kuharamisha pia kila kinachofanana nazo. Uingereza mwaka 2016 ilikwenda mbali zaidi, ikazuia kila kitu kinacholevya isipokuwa vile vilivyosamehewa, kama vile pombe na tumbaku. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ingali inategemea majedwali ya dawa zilizotajwa kwa majina. Tofauti ipo, nakubali: mkemia yule alikuwa akiikimbia sheria, ilhali mpika pombe wa Machakos alikuwa akikimbia gharama pia.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo raia waliiita sheria ya Mututho kwa kuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ndiye aliyeileta, iliacha kuuliza kinywaji kinaitwaje, ikauliza kimo ndani ya nini na kimepimwa na nani. Marufuku ya 1980 ikafutwa, na chang'aa ikahalalishwa ikiwa ndani ya chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, yenye lebo na onyo. Fikra ilikuwa njema. Ila mtu aliyezoea kununua glasi moja kwa sarafu alizo nazo mfukoni hakuimudu chupa nzima, na pipa la uchochoroni likaendelea kumngoja.

Mei 2014 methanoli iliua tena, safari hii Embu, Kiambu, na kwa majirani wa Machakos, Kitui na Makueni. Februari 2024 wakafa watu 17 Kirinyaga, na pombe iliyowaua ikadaiwa kuwa kielelezo cha ushahidi kilichotoka kituo cha polisi. Mwezi uliofuata serikali ikasimamisha leseni za watengenezaji wa vileo vikali vya bei nafuu, ikawaamuru wakaguliwe upya.