Milima ya Virunga na Kahuzi: nani aliruhusiwa kupanda?

Usiku mawingu yakipungua, watu wa Goma, Munigi na Kibumba wanaona wekundu juu ya Nyiragongo. Mtoto wa huko anaujua mlima huo mbele ya kujua kusoma. Lakini uliza mtaa mzima ni nani amefika kileleni, kwenye mita 3,470, akachungulia ndani ya shimo lenyewe. Utapata pengine mlinzi mmoja wa mbuga, au kijana aliyewahi kubebea wageni mizigo. Wengine wanaufahamu mlima kwa kuukimbia: mwaka 1977, mwaka 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021.

Jambo hili la nani anapanda na nani anabaki chini lina zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1921 alifika Mmarekani mmoja, Carl Akeley, fundi wa kukausha wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Alikuja kuwinda gorila kwenye mlima Mikeno na mingine jirani. Aliwapata, na ngozi zao zingali zinaonyeshwa huko ndani ya vioo. Kisha moyo ukamgeuka. Aliona kwamba wawindaji wakiendelea namna hiyo gorila watakwisha, akaanza kusemea milima hiyo kwa wakubwa wa Ubelgiji. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Kwanza akatia sahihi amri, na mbuga ikaitwa kwa jina lake. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akaugua njiani na kufariki mwezi wa Novemba 1926. Alizikwa Kabara, kwenye mlima ule ule wa Mikeno.

Mbuga ilianza ikiwa ndogo. Baadaye ikaenda hadi tambarare za Rwindi, ziwa Edward na theluji ya Ruwenzori. Leo ni karibu kilomita za mraba 7,800. Mipaka iliamuliwa na wakubwa wa ukoloni, lakini ndani yake kulikuwa na mashamba, malisho, mizinga ya nyuki, na watu. Wazee wa Rutshuru na Masisi hawajaacha kuzungumza juu ya ardhi hiyo, na kesi nyingi za mipaka zinazosikika leo mizizi yake iko pale. Wabelgiji walisema mbuga ni ya wataalamu wa sayansi kwanza. Mtalii alipewa sehemu ndogo ya kutembelea, na mwanainchi jirani akapewa marufuku.

Hata hivyo hakuna mzungu aliyepanda milima hii peke yake. Vitabu vinamtaja Xavier de Grunne aliyeongoza Wabelgiji kupanda Ruwenzori mwaka 1932, na Haroun Tazieff aliyechungulia ziwa la moto la Nyiragongo mwaka 1948. Waliobeba hema, unga na maji wakifungua njia kwa panga walikuwa watu wa vijiji vya chini ya mlima. Majina yao mara nyingi hayakuandikwa.

Mwaka 1969 mbuga ya Albert ikabadilishwa jina kuwa Virunga. Kule Kivu ya Kusini, mbuga ya Kahuzi-Biega ikaundwa mwaka 1970, na hapo ndipo Kongo ilipofanya jambo ambalo dunia nzima iliiga baadaye. Adrien Deschryver, msimamizi wa kwanza wa mbuga hiyo, pamoja na wapelelezi wa msituni, waliwazoeza gorila kuona watu bila kukimbia wala kushambulia. Gorila dume mmoja, Kasimir, akawa na sifa hadi Ulaya. Wageni walianza kupanda kutoka Bukavu kwenda kuwaona. Hata noti ya zaïre 50,000 ilikuja kuchorwa picha ya gorila. Biashara ambayo leo inalisha hazina ya majirani zetu ilijaribiwa kwanza huku.

Lakini wapelelezi hao walijifunza wapi kufuata nyayo za gorila? Wengi walikuwa Watwa, wenyeji wa msitu huo, na jamaa zao ndio waliofukuzwa humo ili mbuga iwe mbuga. Mwezi wa Septemba 1975 wataalamu wa ulinzi wa mazingira kutoka dunia nzima walikutana Kinshasa na kupitisha azimio kwamba wenyeji wasiondolewe katika ardhi yao kwa sababu ya hifadhi. Mwaka huo huo Kahuzi-Biega ilipanuliwa kwa maelfu ya kilomita za mraba, na Watwa walibaki nje. Ilibidi wangoje hadi mwaka 2024 ndipo uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu utangazwe, ukisema kwamba haki zao zilivunjwa.

Mtu anayetetea utalii bila kueleza habari hiyo anaficha nusu ya hadithi. Nusu ya pili nayo ni hii: kila mara wageni walipoacha kuja, msitu na watu waliumia pamoja.

Miaka ya 1980 wageni walikuwa wakipanda Jomba, katika Bwisha, kuona gorila wa milimani. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika kwa mamia ya maelfu, na kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga zikasimamishwa kando kabisa ya mbuga. Watu walihitaji kupika, msitu ukakatwa. Mwaka huo UNESCO ikaiweka Virunga katika orodha ya mali ya dunia iliyo hatarini. Kisha vita vikaja kimoja baada ya kingine. Julai 2007 gorila dume Senkwekwe na wengine wa familia yake walipigwa risasi, wakati wakubwa wa biashara ya makala walikuwa wakigombana na walinzi. Wanavijiji walibeba maiti ya Senkwekwe begani kwa miti, kama anavyobebwa mgonjwa kwenye kipoyi. Picha hiyo ilizunguka dunia.

Virunga ilifunguliwa tena kwa wageni mwaka 2014. Hoteli zikapata wateja, vijana wa Kibati na Bukima wakapata kazi ya kubeba mizigo, madereva wa Goma wakapata safari. Mwezi wa Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa nyara na mlinzi wa kike akauawa. Milango ikafungwa hadi Februari 2019. Mwaka 2020 ikaja corona, na Aprili hiyo walinzi 12 wakauawa karibu na Rumangabo pamoja na dereva na raia wanne. Mwisho wa 2021 vita vya M23 vikaanza upya.

Upande wa pili wa milima ile ile, mgeni analipa Rwanda dola 1,500 kumwona gorila kwa saa moja, na sehemu kumi kwa mia ya mapato ya mbuga inapelekwa katika vijiji jirani. Kongo ilikuwa ikiomba dola 400. Gorila hawajui mpaka. Wanavuka wanavyotaka, na bei yao inabadilika kwa kuvuka.

Kufungua milima tena, siku bunduki zitakapoondoka, ni lazima. Lakini mlango ukifunguliwa kwa mgeni peke yake, itakuwa ni 1925 ya pili. Wanafunzi wa Rutshuru, Nyiragongo na Kabare wapande kwa bei ya franga ambayo mzazi anaiweza. Mbebaji alipwe kwa karatasi inayoonekana, si kwa huruma ya mgeni. Mtwa anayejua msitu aitwe kiongozi wa njia na alipwe hivyo. Fungu la kijiji lisomwe hadharani kwenye baraza, kila mtu asikie limejenga nini. Pia kuni za kupikia zipatikane mahali pengine, maana hakuna mama anayeingia msituni kwa kupenda.

Wahami waliokuwa Kanyaruchinya na Bulengo wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Wanawake wa kambi walikwenda kutafuta kuni ndani ya mbuga, na wengi walipigwa na kubakwa huko. Kanyaruchinya haiko mbali na Kibati, pale ambapo mtalii alikuwa akifunga viatu vyake, akipewa fimbo ya kutembelea na kuanza kupanda Nyiragongo. Kutoka Kibati hadi kileleni ni mwendo wa saa tano hivi. Familia zilizolala miezi na miezi chini ya hema nyeupe zilikuwa zinauona mlima wote, kutoka chini hadi moshi wake, na hakuna aliyewahi kuwaambia njia inaanzia wapi.